Ishara Isiyozimika: Mawasiliano ya Seli, Maradhi na Dawa Zake

Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka kwa muda wa siku chache wakaujaza mji wa Goma na viunga vyake, mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Kuchimba choo ni kazi ngumu, kuchimba kaburi vilevile, na maji ya karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kikaingia kabla wiki haijaisha. Watafiti waliofanya hesabu baadaye walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa magonjwa ya kuharisha. Oktoba ya mwaka huohuo, huko Stockholm, Wamarekani wawili, Alfred Gilman na Martin Rodbell, walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua protini G. Hilo ni kundi la protini ndani ya seli, na mojawapo ndiyo inayotekwa na sumu ya kipindupindu hadi mtu akakauka maji mwilini.

Matukio hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yanazaa swali zito. Sayansi ilikuwa imeshajua ni protini ipi iliyotekwa, inatekwaje, na kwa nini maji yanatoka. Hata hivyo, hakuna aliyeponea Goma kwa dawa ya kuizima protini hiyo, kwa sababu dawa ya namna hiyo haikuwapo, na hata leo haipo katika matibabu ya kawaida ya kipindupindu. Walionusurika walinusurishwa na maji, chumvi na sukari. Anayetaka kupima mchango wa elimu ya mawasiliano ya seli katika tiba afadhali aanzie hapa, maana hapa panaonekana wazi kwamba kujua ishara imeharibikia wapi ni kazi moja, na kuchagua mahali pa kuingilia ni kazi nyingine.

Hakuna seli ya mwili inayojiamulia mambo peke yake. Kila moja hupokea habari kutoka kwa nyingine: kua, acha kukua, chukua sukari, toa asidi, jiue. Habari hizo huletwa na homoni na molekuli nyingine, na nyingi haziingii ndani ya seli. Hubisha hodi tu. Molekuli hutua juu ya kipokezi kilichochomoza nje ya utando, kipokezi hubadili umbo upande wa ndani, na protini iliyo karibu yake huipokea habari na kuipitisha kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, mpaka ifike kwenye kiini ambako jeni huwashwa au kuzimwa. Mara nyingi kupokezana huko hufanyika kwa protini moja kuibandika nyingine kipande kidogo cha fosfeti. Vimeng'enya vinavyofanya ubandikaji huo huitwa kinasi, na binadamu ana zaidi ya 500. Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliofumbua jambo hilo katika miaka ya 1950, walipewa Nobel mwaka 1992. Waliona pia kwamba fosfeti hubandikwa na kubanduliwa. Sehemu kubwa ya maradhi yanayozungumziwa hapa chini yametokana na ishara iliyowaka ikashindwa kuzimika.

Kipindupindu ndicho mfano ulio wazi kuliko yote. Bakteria wake hawatoboi ukuta wa utumbo wala hawali nyama yake. Wanatoa sumu, ambayo Sambhu Nath De aliithibitisha kule Calcutta mwaka 1959, na sumu hiyo ina sehemu mbili. Moja hunata juu ya seli za utumbo mwembamba. Nyingine hupenya ndani na kuibandika protini G kipande cha kemikali kinachoizuia isijizime. Katika hali ya kawaida protini hiyo hujizima yenyewe baada ya muda mfupi sana. Ikishabandikwa, inabaki imewaka. Kimeng'enya kinachoisikiliza kinazalisha molekuli ndogo iitwayo cAMP bila kukoma, cAMP inasababisha milango ya kloridi kufunguka, kloridi inamwagika ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, na maji yanafuata chumvi. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Utumbo wake ni mzima, ila unatii amri ya uongo.

Lakini seli hiyohiyo ina njia ya pili. Mwaka 1960, Robert Crane alieleza katika mkutano wa kisayansi mjini Prague kwamba utumbo hunyonya sodiamu na glukosi kwa pamoja, kwa protini inayozibeba zote mbili. Protini hiyo haiguswi na sumu ya kipindupindu. Ndiyo siri ya pakiti ya ORS inayopatikana katika kila zahanati: kwa lita moja ya maji safi, gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na kloridi ya potasiamu na sitrati. Sukari iliyomo haikuwekwa kwa ajili ya utamu wala kumpa mgonjwa nguvu, kama wengi wanavyodhani. Bila glukosi, sodiamu haipiti; bila sodiamu, maji hayarudi mwilini. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Ishara iliyoharibika haikutengenezwa. Ilizungukwa, na sumu ikaachwa iendelee na kazi yake mpaka seli za utumbo zilizoathirika zikapukutika na mpya zikachukua nafasi zake.

Molekuli ya cAMP inastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu inavunja dhana moja iliyozoeleka, kwamba kila homoni au kemikali mwilini ina kazi yake moja. Earl Sutherland aliigundua katika miaka ya 1950 akichunguza jinsi adrenalini inavyolifanya ini litoe sukari. Katika ini, cAMP huachilia sukari. Katika utumbo, ikizidi, humwaga maji. Katika misuli inayozunguka njia za hewa za mapafu, hulegeza. Ndiyo maana mgonjwa wa pumu akivuta salbutamoli hupumua baada ya dakika chache: dawa hiyo hutua kwenye kipokezi cha adrenalini kilicho mapafuni, protini G inawaka, cAMP inapanda, misuli inaachia. Mteremko wa ishara unaomuua mgonjwa wa kipindupindu kwa namna moja ndio unaomwokoa mwenye pumu kwa namna nyingine. Moyo nao una vipokezi vya ukoo huo, na James Black alitengeneza propranololi katika miaka ya 1960 ili kuviziba, moyo upige kwa utulivu. Takribani theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa Marekani hufanya kazi kupitia vipokezi vya ukoo huu mpana unaotumia protini G, ambao binadamu ana jeni zake karibu 800.

Kisukari kinaonyesha namna mbili za habari kutofika. Katika aina ya kwanza, insulini yenyewe haipo, na sindano huirudisha. Katika aina ya pili ipo, mara nyingine kwa wingi, na inatua kwenye kipokezi chake vizuri. Ila hatua zinazofuata ndani ya seli za misuli na ini zimedhoofika, na katika misuli milango ya kuingizia sukari haifunguki ipasavyo. Metformini, dawa inayomezwa na wagonjwa wengi wa aina hiyo Afrika Mashariki na kwingineko, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1957, na wataalamu bado wanabishana juu ya njia inayopitia ndani ya ini. Tiba inaweza kutangulia maelezo yake kwa miongo mingi. Anayedai kwamba hakuna dawa bila ramani kamili ya seli anasahau historia hiyo.

Ila katika saratani ramani ndiyo iliyobadili mambo, na habari ya lukemia sugu ya mieloidi, CML, inafaa kusimuliwa kwa utulivu. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, wakifanya kazi Philadelphia, waliona kromosomu moja fupi kupita kiasi katika seli za wagonjwa hao. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Miaka ya 1980 ikaleta jibu: pale zilipoungana, jeni mbili, BCR na ABL, zilishikamana zikazaa protini moja. ABL ni kinasi, na kwa kawaida inadhibitiwa vikali. Ikiunganishwa na BCR, inabaki imewaka, nayo inaziamuru chembe nyeupe za damu ziongezeke bila kuulizwa. Hilo peke yake linatosha kuanzisha ugonjwa.

Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni ya Ciba-Geigy kule Basel, ambayo baadaye ilizaa Novartis, walikuwa wakitafuta kemikali za kuziba kinasi. Brian Druker wa Portland, Oregon, alizijaribu juu ya seli za CML na kuona moja inaziua seli za ugonjwa huku ikiziacha nyingi zilizo nzima. Kemikali hiyo, imatinibu, hukaa katika tundu ambamo kinasi huchukulia fosfeti yake. Juni 1998 wagonjwa wa kwanza walianza kuimeza. Kati ya wagonjwa 54 waliokuwa katika hatua ya awali ya ugonjwa na kupewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu yao ilirudi katika hali ya kawaida. Mei 2001 dawa ikaidhinishwa Marekani. Katika jaribio kubwa lililofuata, zaidi ya asilimia 83 ya waliopangiwa kuanza na imatinibu walikuwa hai baada ya miaka kumi. Kabla yake, asiyepata uboho wa kupandikizwa kwa kawaida aliishi miaka michache tu.

Ushindi huo ulileta matumaini makubwa, na sehemu ya matumaini hayo ilipita kiasi. CML katika hatua yake ya awali ni saratani ya pekee: hitilafu moja ndiyo inayoibeba. Saratani nyingi nyingine zina hitilafu lukuki, na njia za ishara hazikujengwa kama mfereji mmoja unaoweza kuzibwa mahali pamoja. Hata ndani ya CML, mwaka 2001 kundi la Charles Sawyers lilikuta wagonjwa waliorudiwa na ugonjwa kwa sababu herufi moja ya jeni imebadilika, na tundu la imatinibu halikuwa tena na umbo lilelile. Zikaja dawa za kizazi cha pili, na hatimaye ponatinibu mwaka 2012 kwa ajili ya badiliko hilo sugu.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa kinasi iitwayo BRAF. Karibu nusu ya wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi inayoua haraka, wana BRAF iliyobadilika mahali mahususi. Dawa ya kuiziba, vemurafenibu, iliidhinishwa mwaka 2011, na uvimbe wa wagonjwa wengi ulisinyaa kwa wiki chache tu, ingawa kwa wengi ulirudi baadaye. Badiliko hilohilo liko katika takribani mgonjwa mmoja kati ya kumi wa saratani ya utumbo mpana. Madaktari walitarajia matokeo yaleyale, wakakuta dawa haifanyi karibu chochote. Mwaka 2012, kundi la René Bernards wa Amsterdam lilieleza sababu. Katika seli za utumbo mpana, BRAF ikizibwa, seli inahisi ishara imepungua, na kipokezi kilicho juu kabisa, EGFR, kinaongeza kazi ili kuifidia. Seli za melanoma zina EGFR chache mno kufanya hivyo. Kwa hiyo tiba iliyokuja kuidhinishwa kwa utumbo mpana huziba pande mbili kwa pamoja: dawa ya BRAF, na kingamwili ya kuzuia EGFR. Jina la badiliko la jeni pekee halikutosha kuchagua dawa. Ilibidi kujua badiliko hilo limekaa katika seli ya aina gani.

Kasoro hiyo ya kupima kitu kimoja na kusahau mazingira yake iligharimu afya za watu London mnamo Machi 2006. Vijana sita wenye afya njema walijitolea kupewa TGN1412, kingamwili iliyobuniwa kuamsha kipokezi cha CD28 kilicho juu ya seli T za kinga. Kipimo kilikuwa chini mara 500 ya kile kilichoonekana salama kwa nyani. Katika saa chache tu wote sita walikuwa mahututi, kinga zao zikimwaga ishara za uvimbe mwili mzima. Wote waliokolewa, ila kwa madhara. Baadaye ilionekana kwamba aina ya seli T zilizowaka kwa binadamu hazina CD28 kwa nyani waliotumika. Tangu hapo kanuni za majaribio ya kwanza kwa watu zimekazwa.

Hali ya njia moja kuhudumia viungo vingi, iliyoonekana kwenye cAMP, ipo pia kwenye dawa zilizofanikiwa. Mwaka 1987, Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba saratani za titi zenye kipokezi cha HER2 kwa wingi kupindukia huenda kasi na kuua mapema. Ni takribani saratani 15 hadi 20 katika kila 100 za titi. Trastuzumabu, kingamwili inayokikamata kipokezi hicho, iliidhinishwa mwaka 1998 na ikageuza matarajio ya wanawake hao. Lakini misuli ya moyo nayo hutegemea HER2 kujilinda inapoelemewa, na katika jaribio kubwa la kwanza, wagonjwa 27 katika kila 100 waliochanganyiwa dawa hiyo na kemotherapi ya kundi la antrasaiklini walipata matatizo ya moyo. Ndiyo maana mwanamke anayetumia trastuzumabu hupimwa moyo kabla na wakati wa matibabu.

Kuna pia maradhi ambayo njia yake inajulikana vyema na bado haina dawa iliyolengwa, na mojawapo liligunduliwa katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha kwa watoto. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafahamika kwamba jeni ya MYC, iliyo mwisho wa njia nyingi za ukuaji, imehamishwa kutoka kromosomu ya 8 na kuwekwa jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli B zinafanya kazi bila kupumzika. MYC basi haizimwi. Nayo si kipokezi wala kinasi, haina tundu la kukalia dawa, na mpaka leo hakuna dawa ya kuiziba iliyoidhinishwa. Watoto wanaopona lymphoma ya Burkitt wanaponyeshwa na kemotherapi ya zamani, ikiwemo siklofosfamidi, ambayo Burkitt mwenyewe na wenzake waliitumia Uganda katika miaka ya 1960. Wakifika mapema na kumaliza dozi, wengi hupona.

Neno «haiwezekani» katika fani hii, hata hivyo, limeshatenguliwa mara kadhaa. Protini ya RAS, iliyobadilika katika sehemu kubwa ya saratani za kongosho, mapafu na utumbo mpana, ilijulikana tangu 1982 na kwa miaka thelathini ilihesabiwa kuwa laini mno kushikika. Mwaka 2013 kundi la Kevan Shokat huko California lilikuta mfuko mdogo uliojificha kwenye aina moja ya RAS iliyobadilika, na Mei 2021 sotorasibu ikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya mapafu.

Yote haya humfikia mgonjwa wa Mbeya, Kisumu au Bujumbura kupitia milango miwili: bei na kipimo. Kuhusu bei, hatua zimepigwa. Kuanzia 2002, mpango wa GIPAP wa Novartis na shirika la The Max Foundation uliwapa wagonjwa wa CML wa nchi nyingi zenye kipato kidogo, za Afrika Mashariki zikiwemo, imatinibu bila malipo. Aprili 2013, Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza ya Glivec, jina la kibiashara la imatinibu, na viwanda vya India vikaendelea kuuza imatinibu kwa sehemu ndogo ya bei ya awali. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani liliingiza imatinibu na trastuzumabu katika orodha ya dawa muhimu, na Desemba 2019 likathibitisha ubora wa trastuzumabu ya kwanza isiyo ya kampuni asilia.

Kipimo ndicho kinachozungumzwa kidogo, na hapo ndipo uzembe unapogharimu zaidi. Trastuzumabu haina faida kwa mwanamke ambaye uvimbe wake hauna HER2 ya ziada. Anabaki na gharama na hatari ya moyo. Kumtambua kunahitaji kinyama cha titi kiwekwe haraka kwenye fomalini ya kipimo sahihi, kikae humo kwa muda unaotakiwa, kisha kisomwe na mwanapatholojia aliyefunzwa. Kinyama kikilala kwenye chupa isiyofaa kikisubiri gari la kwenda mjini, majibu hupotoka, na dawa ya gharama kubwa huenda kwa asiyestahili au hunyimwa anayestahili. Serikali inayonunua dawa hizi bila kuajiri wanapatholojia inanunua nusu ya tiba.

Kwa CML njia imeanza kufunguka kwa namna ambayo haikutarajiwa. Wagonjwa wa ugonjwa huo barani Afrika mara nyingi ni vijana kuliko wale wa Ulaya, watu wenye watoto wa kusomesha na miaka mingi ya kazi mbele yao. Wanahitaji kupimwa kiasi cha BCR-ABL katika damu mara kwa mara: kujua kama dawa inashika, kama imekwisha nguvu na ibadilishwe, na hata kama inaweza kusimamishwa, kwa kuwa utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao ugonjwa wao haukuonekana tena katika vipimo kwa miaka miwili au zaidi, takribani 4 katika kila 10 walikaa bila dawa na ugonjwa haukurudi. Kipimo hicho kilidhaniwa kuwa cha maabara kubwa tu. Lakini mashine ya GeneXpert, ambayo tayari ipo katika hospitali nyingi za mikoa na kaunti kwa ajili ya kupima kifua kikuu, ina katriji yake ya BCR-ABL, na mtaalamu wa maabara aliyezoea kuweka makohozi ndani yake hahitaji mashine nyingine ili kupima damu ya mgonjwa wa lukemia. Kinachohitajika ni katriji hiyo kuwemo kwenye oda ya hospitali.